Nyekundu Ndu: Rangi Inayommeza Mtu

Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliojazana viti vya nyuma kana kwamba hapa mbele kuna simba: hamjambo nyote.

Kabla sijaanza, nina ombi. Mlangoni kila mmoja wenu alipewa kipande cha nailoni nyekundu, ile ya kufungia zawadi. Kikunjeni mara mbili, mkiweke mbele ya macho yote mawili, kisha mtazame huu ukuta mweupe ulio nyuma yangu. Msikitoe mpaka niwaambie. Mikono ikichoka, egemezeni viwiko. Nitaongea huku mkiniona mwekundu, na ninavyojijua, hilo haliniharibii kitu.

Nimeombwa nizungumzie rangi katika sanamu dhahania za siku hizi, yaani zile ambazo mtu akikuuliza "hii ni sanamu ya nini?" unabaki kukuna kichwa. Ni kichekesho kidogo kwamba nimeombwa mimi. Mzee aliyenifundisha kuchonga aliichukia rangi. Alikuwa akisema rangi ni vazi la aliyekosea: ukichonga vizuri mti unajitosha, ukivuruga unapaka. Alikuwa na sababu zake. Kila siku aliona vinyago vya mti mwepesi vikipakwa rangi ya viatu na kuuzwa kwa watalii kama mpingo, na mtalii akifika hotelini mikono imekuwa kama ya fundi baiskeli. Miaka mingi nilimwamini. Leo nimekuja kumpinga, Mungu amrehemu, na shahidi wangu wa kwanza ni lugha yetu.

Hesabuni vivumishi vya rangi vya Kiswahili vinavyopokea viambishi kama vivumishi vingine. Ni vitatu tu: -eupe, -eusi, -ekundu. Rangi zilizobaki tumeziazima kwa vitu. Kijani ni jani. Kijivu ni jivu. Manjano ni ile bizari inayotia mchuzi na wali wako rangi. Kahawia imetoka kwenye kahawa, na zambarau ni tunda, ukilila ulimi unakusaliti. Mama zetu wakienda dukani wanaagiza kitambaa cha maji ya kunde, au cha damu ya mzee, na muuzaji hata haulizi ni mzee gani. Maana yake ni nini? Kwamba kwa Mswahili rangi haijawahi kuwa ngozi ya kitu tu. Ni kitu chenyewe. Inasagwa, inamwagika, inachemka, inaganda kwenye kucha.

Halafu zile tatu, kana kwamba hatukuridhika nazo, tumezipa mikia: nyeupe pe, nyeusi ti, nyekundu ndu. Jiulizeni hiyo "ndu" ni nini. Haituelezi kitu kilichopakwa, wala umbo lake, wala ukubwa wake. Inaeleza yanayomfika mtu rangi inapompita kiasi, inapoacha kuwa sifa ya kanga na kumjaa kichwani. Hiyo "ndu" ndiyo mada yangu ya leo. Wapo wachongaji waliotumia maisha yao kuitafuta.

Nianze na Anish Kapoor, kwa kuwa yeye tunagawana bahari. Alizaliwa Mumbai mwaka 1954, akafika London mwaka 1973 kusomea sanaa. Mwaka 1979 alirudi India kutembea, akayaona upya mambo aliyoyazoea utotoni: vilima vya unga wa rangi vikiuzwa sokoni na nje ya mahekalu. Hapa Mombasa hamhitaji kupanda ndege kuelewa. Nendeni Marikiti asubuhi, mtazame zile pia za bizari, manjano na pilipili zilizopangwa mbele ya maduka, kila moja imechongoka kama mlima mdogo. Mimi nikitumwa manjano na mama nilikuwa nasimama pale mpaka nasahau nilichotumwa. Nilidhani ni uzembe. Kumbe nilikuwa darasani.

Kapoor aliporudi London alianza mfululizo wa kazi alizoziita kwa Kiingereza "1000 Names", majina elfu. Ni maumbo madogo yaliyowekwa sakafuni na ukutani, mengine kama pia, mengine kama chipukizi, mengine kama kuba za msikiti zilizosinyaa, yote yamefunikwa unga mkavu wa rangi: nyekundu, njano, buluu, nyeupe. Hakupaka. Alinyunyiza, na unga uliozidi ukaachwa umwagike na kulizunguka umbo chini. Ukitazama hujui kama kile kitu kimewekwa juu ya sakafu au kinachomoza kutoka ndani yake, kama jiwe la baharini maji yanapotoka.

Mara ya kwanza kusimama mbele ya kazi yake ya unga, nilikuwa nimejiandaa kuitazama kichongaji: kiungo kimeshikana vipi, mkono umepita wapi. Sikuweza. Jicho lilikuwa linateleza. Nikasogea, nikasogea tena, mpaka mlinzi akanigusa bega kwa adabu na kunionyesha mstari sakafuni. Nilikuwa nimeuvuka bila kujua.

Hebu tulielewe hilo kifundi, maana si uchawi. Sisi tunalijua umbo kwa njia ya mwanga na kivuli, na zaidi ya yote kwa mng'ao. Ukipiga msasa kinyago na kukipaka nta, pale kinapopinda panang'aa, na mng'ao huo ndio unaoliambia jicho: hapa pana mbinuko, hapa panazama. Unga mkavu hauna mng'ao. Kila chembe inaurusha mwanga upande wake. Rangi ikiwa imekolea, kingo za umbo zinalegea na jicho linakosa mahali pa kushika. Ukiuchanganya unga huohuo na mafuta au gundi, chembe zinafunikwa, uso unalainika, mng'ao unarudi, na "ndu" imekwisha. Mfaransa Yves Klein aliliona hilo kabla ya Kapoor. Alitafuta utomvu maalumu utakaoshika unga wa buluu bila kuuua, akauandikisha mchanganyiko huo Ufaransa mwaka 1960, akavisha kwa mchanganyiko huo sponji za baharini zikawa sanamu. Sponji, jamani. Zile zile wanazozijua wapiga mbizi wetu.

Kapoor hakuishia kwenye vilima, aligeukia mashimo. Katika jiwe la mchanga alichonga uwazi kama mlango, akaujaza unga wa buluu iliyokolea, na uwazi ule ukaacha kuonekana uwazi. Unasimama hujui kama mbele yako pana kina cha shubiri moja au usiku mzima. Mwaka 1992, kwenye maonyesho ya documenta kule Kassel, Ujerumani, alijenga chumba kidogo chenye shimo la mviringo sakafuni, ndani limepakwa giza tupu, na wageni wakadhani ni duara jeusi limechorwa chini. Kazi hiyo ilionyeshwa tena Porto, Ureno, mwaka 2018. Mgeni mmoja akaingia kweli, mita mbili na nusu hivi, akapelekwa hospitali. Alipona. Sisimulii ili mcheke, ingawa naona mmecheka. Nasimulia kwa sababu tunapenda kusema "rangi ile imenizamisha" kama maneno ya kupamba tu.

Sasa, vijana, toeni nailoni. Tazameni ukuta.

Enhe. Umekuwa rangi gani? Nasikia "kijani", nasikia "samawati", mama mmoja hapa anasema "kama maji ya ufuoni". Nyote mko sawa. Na sasa unaanza kufifia, siyo? Ukuta haujaguswa. Jicho lina aina tatu za seli za kuonea rangi, na mlipokuwa mkitazama wekundu kwa muda wote huo, zile zinazoupokea zaidi zilichoka. Mlipotoa nailoni, zile zilizopumzika zikasema kwa sauti zaidi. Rangi mliyoiona mmeitengeneza wenyewe. Na jambo la pili, wangapi waliona kwamba baada ya dakika chache ule wekundu wa nailoni wenyewe ulipauka? Naona mikono mingi.

Juu ya jambo hilo moja, Carlos Cruz-Diez alijenga kazi aliyoirudia zaidi ya nusu karne. Alizaliwa Caracas, Venezuela, mwaka 1923, na alifariki Paris mwaka 2019. Kuanzia mwaka 1965 alitengeneza vyumba alivyoviita Chromosaturation: kimoja cha mwanga mwekundu, kimoja cha kijani, kimoja cha buluu, kuta nyeupe, wakati mwingine na masanduku meupe yanayoning'inia. Hakuna kingine. Unaingia chumba chekundu, unashtuka, kisha kinaanza kupoa mbele ya macho yako. Unavuka kuingia chumba cha buluu na buluu inakupiga kofi, kwa sababu umeingia na macho yaliyochoshwa na nyekundu. Mpakani, mianga miwili inapokutana, inatokea rangi ya tatu ambayo hakuna taa iliyoitoa.

Mtaniuliza: sanamu iko wapi hapo? Hakuna gogo, hakuna jiwe. Ni swali la haki, na mwalimu wangu angelirusha kwa hasira. Jibu langu ni kwamba mchongaji anashughulika na nafasi: anaifungua, anaifunga, anakufanya uzunguke. Cruz-Diez amefanya hayo yote kwa kitu ambacho hakina uzito. Siku hizi, nakiri, vyumba vya namna hii vimezaa watoto wengi wasio na adabu, vyumba vya rangi vya kulipia kiingilio na kupiga picha ya kujirusha mtandaoni, unaingia dakika mbili, unatoka. Tofauti ni muda. Rangi haimmezi mtu mwenye haraka.

Cruz-Diez huyohuyo ana kazi nyingine ambayo haina haja ya tiketi. Ni sakafu na ukuta wa vigae vya rangi kwenye uwanja wa ndege wa Maiquetía, unaohudumia Caracas, iliyokamilika miaka ya 1970. Mistari myembamba ya rangi imepangwa kiasi kwamba ukitembea inabadilika chini ya miguu. Ilijengwa ikanyagwe na abiria wanaopita. Lakini Wavenezuela walipoanza kuihama nchi yao kwa mamilioni, ikawa desturi: mtu anashusha begi, anapiga picha ya viatu vyake juu ya vigae vile, anaiweka mtandaoni, anaondoka. Jamaa zake wakiona tu ile mistari wanajua. Hakuna aliyewapangia. Sijui sanamu ya shujaa juu ya farasi ambayo watu wake waliitumia kwa namna hiyo.

Mbrazili Hélio Oiticica nampitia haraka, ingawa anastahili jioni yake. Alianza kwa kuning'iniza mbao za njano na chungwa ili watu wapite katikati yake. Mwaka 1964 akaanza kutengeneza Parangolé, vazi la tabaka za vitambaa vya rangi, turubai na plastiki, ambalo halijakamilika mpaka mtu alivae na kucheza. Mwaka 1965 alikwenda nayo kwenye jumba la sanaa la kisasa la Rio akiwa na wachezaji wa samba wa mtaa wa Mangueira, wakazuiwa kuonyesha ndani, wakacheza nje. Mwanamke yeyote humu aliyewahi kuingia ngomani na kanga mpya jozi nzima hahitaji nimweleze zaidi.

Kuna mahali ambapo hamu hii ya rangi kamili ilinikera, na nitaisema. Mwaka 2014 kampuni moja ya Uingereza ilitangaza Vantablack. Si rangi ya kupaka hasa, ni msitu wa vijibomba vidogo mno vya kaboni, na inameza asilimia 99.965 ya mwanga unaoiangukia. Kitu kilichofunikwa nayo kinapoteza mikunjo yote, kinakuwa kama kimekatwa kwa mkasi kutoka hewani. Nyeusi ti ya mwisho wa ti. Mwaka 2016 ikajulikana kwamba Kapoor, yeye yuleyule wa unga wa sokoni, amepata haki ya kuitumia katika sanaa peke yake. Wasanii walikasirika. Mmoja wao, Stuart Semple, akatengeneza rangi ya waridi kali na kuiuzia kila mtu isipokuwa Kapoor. Kapoor akaipata hata hivyo, akachapisha picha ya kidole chake kimechovywa humo. Kidole chenyewe ni kile kisichoonyeshwa mbele ya wazee.

Watu waliicheka ikapita. Mimi haikunipita. Mtu aliyejifunza kwenye vilima vya unga ambavyo mwenye shilingi yoyote anajinunulia, amewezaje kuifungia rangi kabatini? Na tena, nikiwa mkweli, kazi zake za weusi ule haziniingii kama zile nyekundu. Nta nyekundu iliyochanganywa na vaselini, tani 25, mkono wa chuma ukiisukuma polepole mzunguko mmoja kwa saa, kazi ya mwaka 2003: pale naona kitu kina uhai. Au ile Leviathan ya Paris mwaka 2011, ambapo ulikuwa unaingia ndani ya turubai kubwa kama tumbo na mwanga wa jua unapenya kuta zake. Magazeti yaliandika "nyekundu". Sisi tungesema damu ya mzee, na tungekuwa tumesema zaidi.

Sasa tusogee nyumbani kidogo, Afrika Magharibi. El Anatsui alizaliwa Anyako, Ghana, mwaka 1944, na kuanzia mwaka 1975 aliishi na kufanya kazi kwa miaka mingi Nsukka, Nigeria. Mwishoni mwa miaka ya 1990 aliokota mfuko wa vifuniko vya chupa za pombe kali. Vifuniko hivyo, pamoja na zile shingo za alumini, yeye na vijana wake wanavipondaponda, wanavikunja, wanavisokota, kisha wanaviunga kwa waya wa shaba, maelfu kwa maelfu, mpaka inatoka shuka ya chuma yenye ukubwa wa ukuta. Kwa mbali ni kitambaa cha mfalme, dhahabu na nyekundu vikimeremeta. Ukikaribia ni takataka zenye chapa za pombe.

Angalieni rangi inatoka wapi. Hakupaka hata kifuniko kimoja. Nyekundu yake imechaguliwa na kiwanda cha pombe, na pombe yenyewe ina historia, kwa kuwa ni moja ya bidhaa ambazo Wazungu walileta pwani ile kubadilishana, wakati ambapo watu nao walikuwa bidhaa. Mwaka 2023 alitundika kazi yake kwenye ule ukumbi mkubwa wa jumba la sanaa la Tate Modern, London, akaiita "Behind the Red Moon", nyuma ya mwezi mwekundu. Kitu cha kwanza kinachokupokea ni tanga. Tanga la jahazi, limetuna kwa upepo usiokuwepo, na mwezi mwekundu katikati. Watu wa bara huenda wakaona mapambo. Sisi tuliokulia hapa, ambao tunajua matanga yalipakia nini na nani, tunaliona lile tanga linakuja.

Kwa hiyo kuna kuzama kwa namna nyingi. Kwa Kapoor unazama kwa sababu jicho limepoteza kingo, kwa Cruz-Diez kwa sababu jicho limechoka. Kwa Anatsui macho yako ni mazima kabisa, unaona kila kifuniko, na bado unakwenda chini, maana kila rangi imefika pale na safari yake. Nikiambiwa nichague, nachagua hii ya tatu, ingawa ndiyo ngumu zaidi kuiiga.

Ndipo namrudia mwalimu wangu. Alisema mti unajitosha. Lakini alichonga nini maisha yake yote? Mpingo. Na mpingo ni nini kama si rangi? Ukiukata, nje kuna ubao wa njano uliopauka, na ndani kiini cheusi chenye zambarau kwa mbali. Wachongaji wa Kimakonde waliofanya mtindo wa mawingu, yale maumbo yanayopinda na kutoboka bila kuwa mtu wala mnyama, walijua kuuacha ule ukanda wa njano pembeni, weusi ukapata mpaka wa kuvukia. Yule mzee alikuwa mtu wa rangi kupita wote niliowataja, ila aliipokea ikiwa imeshapikwa ndani ya mti.

Magdalene Odundo naye, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, hapaki rangi. Anafinyanga vyungu vyake kwa mkono bila gurudumu, anavisugua mpaka uso unakuwa kama ngozi, anavichoma. Tanuri likiwa na hewa ya kutosha vinatoka rangi ya chungwa. Vikichomwa tena hewa ikiwa imebanwa na moshi umejaa, vinatoka vyeusi. Udongo uleule. Kuna vile ambavyo moshi uliingia upande mmoja tu, na chungwa linageuka usiku njiani kuelekea shingoni. Hivyo vinang'aa, kinyume cha yote niliyowaambia kuhusu unga, na bado mtu anaganda mbele yake. Basi mjue kanuni yangu ya mng'ao ina mpaka.

Nimeongea vya kutosha. Hapa mezani kuna umbo la saruji nililolimwaga juzi, halifanani na chochote, labda mtungi uliomeza jiwe. Pembeni kuna chekeche na pakiti za bluu ya kufulia, ile ambayo bibi zetu waliitia kwenye maji ya kanzu ili weupe uwe pe. Nimeomba taa ya juu izimwe, ibaki ile ya dirishani. Anayetaka kuchekecha aje, wawili wawili, polepole, unga ushuke kama vumbi na ule unaomwagika chini uachwe palepale. Wenye kanzu nyeupe wakae mbali. Maswali tutaulizana huku mikono inafanya kazi.